Louise de Bettignies: Alitaka Chumba cha Monasteri, Akapata cha Gereza



Swali ninaloulizwa sana na vijana ni hili: frateri, nitajuaje Mungu ananiita wapi? Leo siwajibu kwa falsafa ya darasani. Nawaletea dada mmoja Mfaransa ambaye alikuwa na jibu lake tayari, halafu vita vikaja.

Louise de Bettignies alizaliwa tarehe 15 Julai 1880 huko Saint-Amand-les-Eaux, kaskazini mwa Ufaransa. Familia yake ilikuwa na jina kubwa, lakini mfukoni mambo hayakuwa mazuri. Alisoma kwa masista, akaendelea na masomo Uingereza kwa Waursula, kisha akafanya kazi ya kulea na kufundisha watoto wa matajiri Italia na nchi nyingine za Ulaya. Huko akaokota lugha: Kiingereza, Kijerumani, Kiitalia. Moyoni lakini alikuwa na hamu moja tu, kuingia kwa Wakarmeli, wale masista wanaofunga mlango na kubaki na Mungu.

Mwaka 1914 vikaanza Vita Kuu vya Kwanza, vile vile vilivyofika hadi kwetu Tanga mwezi Novemba. Oktoba mwaka huo Wajerumani waliuzingira mji wa Lille, na Louise alikuwa humo. Akawahudumia majeruhi. Na hapa naomba usome taratibu: kwa sababu alijua Kijerumani, alikaa karibu na askari wa Kijerumani waliokuwa wanakufa, akawaandikia barua za mwisho kwa familia zao. Ni adui, lakini ana mama nyumbani.

Mji ulipotekwa, Louise akafika Uingereza. Maofisa wa ujasusi wakaona dada huyu anajua lugha, anaijua nchi, na haogopi. Wakamwomba arudi, si kama mkimbizi bali kama mpelelezi. Akakubali. Akawa Alice Dubois.

Pamoja na Marie-Léonie Vanhoutte, msichana wa Roubaix, alijenga mtandao wa watu wapatao 80 kuzunguka Lille. Kazi yenyewe haikuwa ya sinema. Mtu anakaa karibu na reli, anahesabu treni: ngapi zimepita, zimebeba askari au mizinga, zinaelekea wapi. Taarifa zinaandikwa kwa herufi ndogo sana, zinafichwa, zinavushwa Ubelgiji hadi Uholanzi, nchi ambayo haikuwa vitani. Mpakani Wajerumani waliweka uzio wa umeme. Ukigusa, umekwisha. Louise alivuka huko mara nyingi.

Ngoja niseme ukweli. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, na kazi yake ina maswali. Jasusi anaishi kwa jina la uongo na vitambulisho vya uongo. Taarifa zake ziliokoa maisha ya askari wa Uingereza, lakini pia zilielekeza mizinga kwa vijana wa Kijerumani, wenzao wale aliowaandikia barua. Mtakatifu Augustino alikataa uongo hata ule wa kuokoa uhai wa mtu. Nimemaliza digrii ya falsafa na swali hili bado linanikaba. Sitaki kulifunga haraka ili hadithi iwe tamu.

Marie-Léonie alikamatwa Septemba 1915. Oktoba akakamatwa Louise, karibu na Tournai, Ubelgiji. Mwezi huo huo Edith Cavell, nesi Mwingereza, alipigwa risasi Brussels kwa kusaidia askari kutoroka. Kwa hiyo Louise alijua kabisa kinachomsubiri. Machi 1916 mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, baadaye hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Akapelekwa gereza la Siegburg, Ujerumani.

Kumbe chumba alichokuwa anakitamani kilikuja, ila kwa sura nyingine: kuta nne, ukimya, njaa, baridi. Humo wafungwa wanawake walipoamriwa kutengeneza vifaa vya silaha, Louise alikataa, akawahimiza na wenzake wakatae. Akaadhibiwa kwa kufungiwa peke yake. Mwili ukachoka, kifua kikaugua, akapasuliwa, hakupona. Alifariki Cologne tarehe 27 Septemba 1918, akiwa na miaka 38. Siku 20 baadaye Lille ikakombolewa. Mwaka 1920 mwili wake ukarudishwa nyumbani, Saint-Amand.

Mimi niko seminarini, na kuna usiku najiuliza: je, Mungu akinipeleka mahali ambapo sikuomba, nitamtambua? Louise hakuacha kumpenda Mungu pale mlango wa Karmeli ulipobaki umefungwa. Alianza na aliyekuwa mbele yake, majeruhi wa kitandani. Hata gerezani, alipokuwa hana kitu tena, alikuwa bado na neno moja la kumpa Mungu: hapana yake.

Wiki hii jiulize: nani yuko mbele yangu sasa hivi, wakati mimi nasubiri wito mkubwa?

Tuombe. Ee Bwana, utupe moyo wa kukuitikia hata pale usipotuita tulikotaka. Na marehemu wote wa vita, wa pande zote mbili, wapumzike kwa amani. Amina.