John Browning, fundi aliyefia Ubelgiji: jina kubwa kwenye bastola, ukweli kwenye alama ndogo

Tarehe 26 Novemba 1926, fundi Mmarekani John Moses Browning aliaga dunia ndani ya kiwanda cha silaha cha Fabrique Nationale, kinachojulikana zaidi kama FN, huko Herstal karibu na mji wa Liège, Ubelgiji. Moyo ulimsimama akiwa kazini. Alikuwa na umri wa miaka 71. Kwa wakati huo jina lake lilikuwa limepigwa mhuri kwenye bastola nyingi sana, hata katika lugha ya Kifaransa neno browning likawa linamaanisha bastola yoyote ndogo ya mfukoni.

Umaarufu huo umewachanganya watu wengi. Bastola yenye jina la Browning inaweza kuwa imetoka Herstal, au Canada, au karakana isiyojulikana kabisa. Karibu miaka mia moja baada ya kifo chake, wanaochunguza bastola za zamani za jeshi hawaanzi na jina hilo. Wanaanza na alama ndogo.

Mtoto wa fundi bunduki

Browning alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 katika mji wa Ogden, Utah, magharibi mwa Marekani. Baba yake, Jonathan Browning, alikuwa fundi bunduki na muumini wa kanisa la Mormoni, mwenye wake watatu na watoto 22. John alikulia katika karakana ya baba yake, na akajifunza kazi kwa kutengeneza silaha mbovu zilizoletwa na wakulima na wawindaji.

Mwaka 1879 alipata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, ya bunduki inayopiga risasi moja moja. Mwaka 1883 kampuni ya Winchester ilinunua haki za bunduki hiyo kwa dola 8,000. Kuanzia hapo maisha yake yalishika njia moja: yeye anabuni, wengine wanatengeneza na kuuza. Hadi kufa kwake alikuwa na hati 128 za uvumbuzi. Ndiyo sababu silaha zake zimebeba majina ya viwanda vingi: Winchester, Colt, Remington na FN.

Njia ya kwenda Liège

FN ilianzishwa mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki 150,000 aina ya Mauser kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Kazi hiyo ilipokaribia kwisha, kiwanda kilihitaji kitu kipya cha kutengeneza. Mwaka 1897 mjumbe wake alikwenda Marekani, na mwaka huohuo Browning akatia sahihi mkataba wa bastola inayojijaza yenyewe. Bastola hiyo ilijulikana kama modeli ya 1900. Takribani 700,000 zilitengenezwa.

Mwaka 1902 Browning aligombana na Winchester kuhusu malipo ya bunduki yake mpya ya uwindaji. Akavuka bahari na kuipeleka Herstal. Tangu siku hizo akawa mtu wa miji miwili, Ogden na Liège. Kiwanda hichohicho ndicho baadaye kilitengeneza bunduki ya FAL, iliyobebwa na wanajeshi wa Kongo baada ya uhuru.

Huko Marekani, jeshi lilikubali bastola yake nyingine mwezi Machi 1911, baada ya jaribio ambalo ilipiga risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja. Zile za jeshi zilipigwa maandishi yanayosema kwamba ni mali ya Marekani, pamoja na herufi za mkaguzi aliyezipitisha.

Namba nne za Sarajevo

Tarehe 28 Juni 1914, kijana Gavrilo Princip alimuua mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria na mke wake mjini Sarajevo. Mauaji hayo yalifungua mlango wa vita kuu ya kwanza ya dunia. Bastola ilikuwa ya Browning. Kwa miaka mingi waandishi wengi walisema ilikuwa modeli ya 1900, yenye risasi za milimita 7.65, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa maarufu zaidi.

Haikuwa kweli. Bastola nne zilizokamatwa kwa wauaji zilikuwa za modeli ya 1910, zenye risasi fupi za milimita 9. Namba zake zilikuwa zimeandikwa: 19074, 19075, 19120 na 19126. Mwaka 2004, mapadri Wajesuiti wa Austria walipokabidhi silaha za tukio hilo kwa jumba la makumbusho la jeshi mjini Vienna, namba hizo ndizo zilizotumika kuzitambua. Jina la Browning halingetosha, kwa sababu lilikuwa juu ya bastola zote.

Chuma kinavyosomwa

Katika bastola ya Liège, mchunguzi anatafuta kwanza alama za ofisi ya majaribio ya mji huo, ambayo ilipima kila silaha kabla ya kuuzwa. Herufi ELG ndani ya umbo la yai, zenye taji juu yake, zinaonyesha kwamba silaha ilitoka baada ya 1893. Mnara mdogo wa mawe ni ishara ya mji wa Liège. Simba aliye juu ya herufi PV anaonyesha jaribio la baruti isiyo na moshi. Nyota juu ya herufi moja ni alama ya mkaguzi.

Baadaye anafuata namba. Katika bastola kubwa ya 1935, namba ya mwili, ya sehemu ya juu inayoteleza na ya mtutu zinapaswa kufanana. Zikitofautiana, vipande vimeunganishwa kutoka silaha mbalimbali. Tena namba hiyo iendane na miaka ambayo alama nyingine zinaonyesha.

Bastola hiyo ya 1935 Browning hakuiona. Aliomba hati yake mwaka 1923, nayo ikatolewa mwezi Februari 1927, yeye akiwa kaburini. Fundi Mbelgiji Dieudonné Saive ndiye aliyeimaliza. Mwaka 1940 Wajerumani walikamata kiwanda na kuendelea kuitengeneza kwa ajili ya jeshi lao. Za wakati huo zina tai wa Kijerumani na herufi WaA zenye namba pembeni. Wakati huohuo kiwanda cha Inglis mjini Toronto, Canada, kiliitengeneza kwa ajili ya China: hizo zina herufi CH katikati ya namba, na herufi sita za Kichina ubavuni.

Wadanganyifu wanajua kwamba alama za vita zinapandisha bei, kwa hiyo wanazipiga upya. Lakini chuma hakisahau. Bastola iliyosuguliwa ina herufi zilizofifia kingo na matundu yaliyopanuka midomo. Mhuri mpya wenye kingo kali juu ya chuma kilichosuguliwa namna hiyo unajisaliti wenyewe. Nchini China, karakana ndogo ziliiga modeli ya 1900 kwa wingi, na nyingi ziliandikwa maneno ya Kifaransa yasiyosomeka, kwa sababu aliyechonga hakujua lugha hiyo.

Somo linalobaki

Kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani, jambo hili ni la pesa. Kwa Kongo ni zito zaidi. Silaha isiyo na namba haina mwenyewe. Ikikutwa kijijini baada ya mauaji, hakuna wa kuulizwa ni nani aliyeiuza na ni nani aliyeitoa ghalani. Ndiyo maana Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa na nchi za Afrika ya Kati mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2017, unazidai serikali zitie alama kwenye silaha ndogo na kutunza rejista zake.

Browning alirudishwa Ogden akiwa kwenye jeneza, akazikwa huko. Aliacha jina ambalo yeyote anaweza kulinakili. Namba na muhuri wa mkaguzi ndivyo vinavyoonyesha silaha ilitoka wapi na ilikuwa ya nani.