Odera Oruka: Msomi aliyewatafuta wanafalsafa vijijini

PROFESA Henry Odera Oruka alipofariki Desemba 1995 baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi, alikuwa na umri wa miaka 51 tu.

Mzaliwa huyo wa Ugenya, Siaya, alisomea Uswidi na Marekani kabla ya kuanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970. Enzi hizo, baadhi ya wasomi wa Ulaya walishikilia kuwa Mwafrika ana mila lakini hana falsafa. Kumnyima mtu fikra ni kumvua ubinadamu, na Odera alilipinga dai hilo maisha yake yote.

Hata hivyo, hakuwalaumu wageni pekee. Alimkosoa John Mbiti, mwana wa Mulango, Kitui, na wengine walioziita imani za jamii nzima falsafa. Huko, twaweza kusema, kulikuwa kujidanganya.

Yeye na wenzake wakafunga safari kwenda mashambani kuwahoji wazee. Kwa utaratibu wake, mzee anayesuluhisha mzozo wa mpaka kule Mukuyuni, Makueni, angeulizwa mila yasemaje, kisha yeye mwenyewe aonaje. Swali la pili ndilo lililokuwa na uzito. Paul Mbuya Akoko, kwa mfano, alikiri kuwa Waluo walikosea kudhani Mungu wao ni tofauti na wa makabila mengine.

Mahojiano hayo yalitoka katika kitabu cha Sage Philosophy mwaka wa 1990. Miongoni mwa wazee hao alikuwamo babake mzazi, Oruka Rang'inya.