Jules Verne na Kitabu cha Utoto Wake

Wengi wetu tuna kitabu kimoja cha utotoni ambacho tulipofika ukurasa wa mwisho tulibaki tukijiuliza: je, baada ya hapo wale watu walikwenda wapi? Wazee wetu waliomsoma Robinson Kruso kwa Kiswahili wanalijua swali hilo. Kwa kawaida swali hupita. Mtoto hukua, hufunga kitabu na kusahau. Jules Verne hakusahau. Mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka 72, alitoa riwaya iliyoendeleza hadithi aliyoisoma akiwa mtoto, hadithi ambayo mwandishi wake alikuwa mtu mwingine kabisa. Katika makala hii tunayatazama maisha yake kupitia kitabu hicho, kwa kuwa kinagusa jambo linalomhusu kila anayekabidhiwa kazi iliyoanzwa na mwenzake.

Mtoto wa bandarini

Jules Verne alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 huko Nantes, mji wa bandari magharibi mwa Ufaransa, kando ya mto Loire. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yake, Pierre, alikuwa mwanasheria na Mkatoliki mshika dini. Mama yake, Sophie, alitoka katika ukoo uliokuwa na mabaharia na wenye meli. Nyumba yao ilikuwa karibu na gati, na watoto waliona milingoti ya meli kila siku.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyeitwa Bibi Sambin. Mume wake, nahodha, alipotelea baharini miaka mingi nyuma. Bibi huyo aliwaambia watoto kwamba mumewe hakufa. Yuko kisiwani mahali fulani na siku moja atarudi. Tunaweza kuelewa jinsi maneno hayo yalivyoingia moyoni mwa mtoto wa miaka sita.

Baadaye Jules alisoma katika shule ya Kikatoliki ya Saint-Stanislas, kisha katika seminari ndogo ya Saint-Donatien, zote hapo hapo Nantes. Sisi tunaoishi seminarini tungependa kuandika kwamba aliyapenda maisha hayo. Ukweli ni kwamba ujanani alianza kuandika riwaya kuhusu padre, akaiacha bila kuimaliza, na ndani yake seminari haikusifiwa hata kidogo. Tunapokea lawama hiyo kwa unyenyekevu.

Hadithi ya mchungaji wa Bern

Kati ya vitabu alivyosoma utotoni, kimoja kilimkaa kuliko vyote: Robinson wa Uswisi. Kitabu hicho kilianza kama hadithi ya nyumbani. Johann David Wyss, mchungaji wa Kiprotestanti katika mji wa Bern, aliwatungia wanawe wanne kisa cha familia iliyovunjikiwa meli na kufika katika nchi isiyojulikana. Baba, mama na wavulana wanne wanajenga nyumba juu ya mti, wanafuga wanyama, wanalima na wanamshukuru Mungu. Mzee Wyss hakukitoa yeye mwenyewe kitabu hicho. Mwanawe Johann Rudolf aliyapanga maandishi ya baba yake na kuyachapisha kuanzia mwaka 1812. Baadaye mwandishi Isabelle de Montolieu alikitafsiri kwa Kifaransa, naye akaongeza sehemu zake mwenyewe. Tangu mwanzo, basi, kitabu hicho kilipita katika mikono ya watu wengi.

Verne alieleza uzeeni kwamba alikipenda kitabu hiki kuliko hata kile cha Daniel Defoe. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Robinson Crusoe yuko peke yake, lakini katika kitabu cha Wyss ni familia nzima: kila mtoto ana tabia yake na kazi yake, na hakuna anayeishi kwa ajili yake mwenyewe tu.

Kuacha ofisi ya baba

Pierre Verne alitaka mwanawe mkubwa airithi ofisi yake ya sheria. Jules alikwenda Paris, akasoma sheria na kufaulu. Lakini moyo wake ulikuwa katika michezo ya kuigiza na vitabu, na baba alipomwita nyumbani kuchukua ofisi, alikataa. Tusilione hilo kama jambo dogo. Kwa baba wa wakati ule, kazi yake kumkosa mrithi lilikuwa jeraha. Pierre aliumia, lakini hakumtupa mwanawe.

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Jules alifanya kazi katika jumba la michezo ya kuigiza, kisha katika soko la hisa. Mwaka 1857 alimwoa Honorine, mjane mwenye binti wawili. Mwaka 1861 alizaliwa mtoto wao pekee, Michel. Mwaka uliofuata alikutana na mchapishaji Pierre-Jules Hetzel, na mwanzoni mwa 1863 kikatoka kitabu kilichompa jina: Majuma Matano ndani ya Puto.

Kitabu hicho kina sehemu yetu. Wasafiri wake watatu wanaruka kwa puto kutoka Zanzibar, wanavuka bara la Afrika na kufika Senegal. Njiani wanamwokoa mmisionari Mfaransa wa Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, aliyekuwa karibu kuuawa. Padre huyo anafariki mikononi mwao, nao wanamzika jangwani, mahali ambapo mawe yake yamejaa dhahabu. Maskini wa Kristo analala katika udongo wa dhahabu asiouhitaji. Hata hivyo, ni lazima tuseme wazi kwamba Verne hakufika kamwe Zanzibar wala mahali popote katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Aliandika kwa kutegemea vitabu vya wapelelezi wa Ulaya, na pamoja na ramani zao alipokea pia dharau yao kwa Mwafrika. Msomaji wetu akikisoma leo atakutana na maneno yanayouma.

Kisiwa kilichomrudia mara kwa mara

Hadithi ya familia kisiwani haikumwacha. Karibu na mwaka 1870 alimpelekea Hetzel sehemu ya riwaya iliyoitwa Mjomba Robinson, iliyofuata nyayo za Wyss kwa karibu mno. Hetzel aliikataa. Verne hakukasirika na kuitupa. Aliivunja na kuijenga upya, na kutokana nayo kikatoka Kisiwa cha Ajabu kati ya 1874 na 1875, kimojawapo cha vitabu vyake bora. Mwaka 1882 aliandika hadithi ya kuchekesha kuhusu kijana anayejifunza kuwa Robinson. Mwaka 1888 akatoa Miaka Miwili ya Likizo, kuhusu wavulana kumi na watano walio peke yao kisiwani bila mtu mzima yeyote.

Wakati huo nyumba yake mwenyewe haikuwa na amani ya ile familia ya Uswisi. Michel alikuwa mtoto mgumu. Baba yake alimpeleka katika taasisi ya kurekebisha tabia, na baadaye akampandisha kwenye meli iliyokwenda India. Yule aliyekataa kumfuata baba yake sasa alikuwa baba asiyefuatwa.

Zilikuwapo pia siku za furaha. Mwaka 1884, akisafiri kwa merikebu yake katika Bahari ya Mediterania, alifika Roma na kupokelewa na Papa Leo wa XIII. Lakini miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Machi 1886, mtoto wa mdogo wake Paul, kijana aliyeugua akili, alimpiga risasi mguuni mbele ya nyumba yake huko Amiens. Risasi haikuweza kutolewa, na Verne alichechemea hadi kufa. Siku chache baada ya tukio hilo Hetzel alifariki. Mwaka 1887 akafariki mama yake. Merikebu ilikuwa imekwisha kuuzwa. Hakusafiri tena baharini. Mwaka 1888 alichaguliwa kuwa diwani wa Amiens, akahudumia mji huo kwa miaka mingi. Mwaka 1897 akafariki Paul, mdogo wake na mwenzake wa tangu utoto, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini.

Nchi ya Pili

Hivyo ndivyo alivyokuwa mzee aliyetoa Nchi ya Pili mwaka 1900: mwenye kisukari, mwenye macho mabovu, asiyeweza kutembea mbali. Alieleza kwamba kwa kuiwaza sana familia ile alifikia kuiona kama watu walioishi kweli, na kisiwa chao kama mahali panapoweza kutafutwa kwenye ramani.

Alianzia pale ambapo meli ya Kiingereza iitwayo Licorne inafika kisiwani. Ukoo huo akauita Zermatt. Baadhi ya watoto wanaondoka kwenda Ulaya, wazazi na wengine wanabaki. Huko London, Fritz, mtoto mkubwa, anamwoa Jenny, msichana Mwingereza aliyemwokoa baharini. Wanapanda meli kurudi nyumbani, lakini mabaharia wanaasi, wanamteka nahodha, na kuwaacha wasafiri katika mashua katikati ya bahari. Mashua inafika kwenye pwani ya mawe matupu, isiyo na mti wala kivuli. Wanakaa hapo wakiteseka. Hatimaye wanapanda mlima mrefu ulio nyuma yao, na huko juu wanatambua mahali walipo. Kumbe muda wote huo walikuwa katika kisiwa chao wenyewe, upande wasioujua.

Tunadhani hapo ndipo ulipo moyo wa kitabu. Wyss aliwaonyesha watoto upande mmoja tu wa kisiwa, upande wa baraka. Verne hakubadilisha upande huo. Nyumba ya mtini ipo, majina yapo, tabia ya kila mtoto ipo. Alichofanya ni kuongeza upande wa jiwe. Alikuwa amezika, alikuwa amegombana na mwanawe, alikuwa amejeruhiwa na damu yake mwenyewe. Alijua kwamba familia njema nayo ina pwani yake kavu, na kwamba mtu anaweza kufa kwa kiu bila kujua kuwa nyumbani ni ng'ambo ya mlima.

Si kila kitu katika kitabu hicho tunakikubali. Wenyeji wa bahari zile wanaonekana tu kama maadui wanaovamia, na mwishoni kisiwa kinakuwa koloni la Uingereza, kana kwamba hilo ndilo hitimisho la furaha. Sisi ambao nchi zetu ziligawanywa katika miaka hiyo hiyo hatuwezi kulisoma jambo hilo bila kusita. Wala si kitabu chake bora. Lakini ni kazi ya mtu aliyelipa deni.

Aliyeendeleza naye akaendelezwa

Jules Verne alifariki tarehe 24 Machi 1905 huko Amiens, akazikwa katika makaburi ya La Madeleine. Kabla ya hapo alikuwa amepatana na Michel, na alimwachia miswada kadhaa. Michel aliichapisha kwa jina la baba yake. Miaka kama sabini baadaye, watafiti walipolinganisha vitabu hivyo na miswada ya asili, waligundua kwamba mwana alikuwa amebadilisha mengi: aliongeza wahusika, alihamisha hadithi moja kutoka karne moja hadi nyingine, na kukiongezea kitabu kimoja sura nyingi. Msomaji hakuambiwa lolote.

Hapa tunaona njia mbili za kuendeleza kazi ya mwingine. Baba aliandika mwendelezo na kusema wazi kwamba ni mwendelezo, na kwamba mwanzo ni wa Wyss. Mwana aliendeleza akijificha nyuma ya jina la aliyekufa. Hatumhukumu Michel. Huenda alifanya hivyo kwa upendo, na alibeba mzigo wa familia na matakwa ya mchapishaji. Lakini ilibidi watu wengine wafanye kazi kubwa kurudisha maneno ya mzee mahali pake, na leo vitabu hivyo vinapatikana jinsi alivyoviandika yeye.

Kila mmoja wetu atakuta kazi iliyoanzwa na mwingine: parokia iliyojengwa na padre aliyetangulia, darasa la mwalimu aliyestaafu, shamba la baba, kwaya iliyofundishwa na marehemu. Kishawishi ni cha namna mbili. Mmoja hubomoa kila kitu ili jina lake lionekane. Mwingine hubadilisha kimya kimya na kudai kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mzee wa Amiens alichukua njia ya tatu. Aliwaachia wenye nyumba nyumba yao, akakiri wazi kwamba si yeye aliyeijenga, kisha akaongeza chumba kimoja alichokuwa na uwezo wa kukiongeza yeye tu, kwa sababu ya aliyoyapitia.

Mwalimu wake wa kwanza alimsubiri nahodha asiyerudi. Mwanafunzi wake alingoja miaka zaidi ya sitini, kisha akawarudisha nyumbani watoto wa mtu mwingine.