Paul Bomani: Kutoka mizani ya pamba hadi Hazina

Miaka ya 1940, wakulima wa pamba Kanda ya Ziwa walilalamika kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Paul Bomani, aliyezaliwa 1925 na kuwahi kufanya kazi ya hesabu mgodini Mwadui, aliwaunganisha waweke watu wao wa kuhakiki uzito. Mwaka 1955 vyama vyao viliunda shirikisho la ushirika la Victoria mjini Mwanza, yeye akiwa meneja mkuu. Kati ya 1962 na 1965 alikuwa Waziri wa Fedha. Alifariki 2005.

Somo lake linamhusu mweka hazina wa jiji sawa na mwenye duka Buhongwa: kosa la mizani halirekebishwi na daftari. Hakiki mzigo kwanza, ndipo uandike.