Maisha ya Alexander Mackay, Aliyekata Njia ya Mpwapwa

Katika siku zetu huja makwetu vijana wengi wa Ulaya na Marekani, wanaume kwa wanawake, ili kujitolea katika shule, hospitali na sharika zetu. Wengine hukaa majuma machache, wengine mwaka mzima. Sisi huwapokea kwa furaha, lakini mara nyingi wao na sisi hatujui kazi yao ipimwe kwa kipimo gani. Kwa hiyo twaona vema kuwasimulia habari za kijana mmoja aliyekuja zamani, ambaye kazi yake ya kwanza katika nchi hii ilikuwa kukata njia toka pwani hata Mpwapwa.

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji, naye ndiye aliyemfundisha kusoma. Baba alitumaini kwamba mwanawe naye atakuwa mchungaji. Lakini mtoto alipenda zaidi kuwatazama wahunzi na maseremala kazini, na kuona injini ya gari la moshi ikipita. Akajifunza ufundi wa mitambo Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani, akafanya kazi Berlin katika kiwanda cha mitambo. Huko alikaa nyumbani mwa mchungaji Baur, na katika nyumba ile ya sala imani yake iliongezeka nguvu. Alikuwa na kazi nzuri, na njia ya kupata mali ilikuwa wazi mbele yake.

Hata mwezi wa Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya msafiri Stanley, iliyotoka Buganda, ya kwamba Kabaka Mutesa anataka walimu. Stanley hakutaka wasemaji tu. Alitaka watu wawezao kufundisha dini pamoja na kazi za mikono. Mackay aliisoma habari hiyo, akauandikia mji wa London, kwa wakuu wa chama cha misioni kiitwacho CMS, akajitoa nafsi yake.

Walichaguliwa watu wanane, naye alikuwa mdogo wao, umri wake miaka 26. Siku ya kuagana aliwaambia wazee wa chama kwamba yamkini kabla ya miezi sita kupita watasikia mmoja wao amekufa. Akawaomba wasivunjike moyo siku hiyo, bali wamtume mwingine mara moja kushika nafasi iliyo wazi. Wakaondoka Uingereza mwezi wa Aprili 1876, wakafika Unguja mwezi wa Mei. Mwezi wa Agosti mmoja wao, James Robertson, akafa pale pale Unguja. Neno la kijana lilikuwa kweli.

Wenzake wakashika safari ya bara. Mackay alikwenda pamoja nao, lakini mwezi wa Novemba homa ilimshika sana, wakamrudisha pwani. Alipopona, wakuu wake walimwagiza asirudi upesi bara, bali atengeneze njia ya magari ya ng'ombe toka Saadani hata Mpwapwa, yapata maili 230. Maana siku zile mizigo yote ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mpwapwa palikuwa mahali pa kupumzika misafara chini ya milima, penye maji na chakula, kabla ya kuliingia pori la Marenga Mkali lisilo na maji, na nchi ya Ugogo iliyo mbele yake.

Basi mwaka 1877 Mackay alishika shoka, msumeno na sururu, akaingia porini na watu wa pwani aliowaajiri. Walikata miiba na miti mikubwa, wakachimba kingo za mito ili magari yapate kushuka na kupanda. Kwa muda wa siku kama 100 wakafika Mpwapwa. Majina ya watu wale hayakuandikwa katika vitabu kama jina la Mackay; lakini njia ile ilikuwa jasho lao pia, wala si haki kumsifu yeye na kuwasahau wao.

Na mwisho wa njia ile ulikuwaje? Alipojaribu kupitisha magari, ng'ombe walikufa mmoja baada ya mmoja. Leo twajua kwamba mbung'o huwatia ng'ombe ugonjwa. Siku zile ufundi wote wa Berlin haukuweza kuwaokoa. Mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi. Kwa hesabu ya wanadamu, kazi ile ya taabu nyingi ilikuwa hasara.

Tena habari mbaya zaidi zilikuja. Daktari John Smith alikuwa amekufa kando ya Ziwa Nyanza mwezi wa Mei 1877. Mwezi wa Desemba, Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe, katika ugomvi wa mfalme Lukonge na mfanya biashara Songoro. Wawili wengine walikuwa wamekwisha kurudi kwao. Katika wale wanane walibaki wawili tu, Wilson na Mackay.

Hapo Mackay alikuwa na sababu ya kutosha kurudi kwao, wala hapana ambaye angemlaumu. Lakini alipanda bara. Mwaka 1878 alikwenda Ukerewe bila silaha, akaonana na Lukonge, akafanya naye amani. Kisha akatengeneza mashua iliyoharibika, na mwezi wa Novemba akaingia Buganda. Mwaka ule ule misioni ya Mpwapwa ilisimamishwa imara, na Daktari Baxter alikuwa mmoja wa walioianza.

Katika Buganda Mackay alihunzi chuma, alichimba kisima, na mama yake Kabaka alipofariki aliunda jeneza lake. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha vijana kusoma. Alikuwa amejifunza Kiswahili, naye alisoma Maandiko ya Kiswahili barazani. Kisha akajifunza Kiganda, akachonga herufi kwa mikono yake ili kupiga chapa karatasi za mafundisho. Mwaka 1882 wanafunzi wa kwanza wakabatizwa.

Hatufichi kwamba alikuwa na upungufu. Alibishana kwa ukali na mapadre wa Kikatoliki mbele ya Kabaka, hata waliosikia wakatatizika. Lakini mateso yalipokuja chini ya Kabaka Mwanga, vijana wa makanisa hayo mawili walikufa pamoja. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu wa misioni walichomwa moto. Mwaka 1886 wengi wakafa Namugongo. Wale waliosomeshwa kwa herufi za kuchonga walisimama mahali ambapo mwalimu mwenyewe hakusimamishwa.

Mwaka 1887 Mackay alifukuzwa Buganda, akakaa Usambiro, kusini ya Ziwa. Mwaka 1889 Stanley alimkuta huko akifanya kazi. Aliitwa kwao apumzike, lakini hakutaka kuondoka kabla hajaja wa kushika nafasi yake. Tarehe 8 Februari 1890 homa ya malaria ikamwua, naye alikuwa na miaka 40. Tangu siku ile ya Aprili 1876 hakuiona tena nchi yake. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe.

Ndugu zetu, tufikiri. Alichokuja nacho, yaani magari na ufundi, kilishindwa njiani. Kilichodumu ni kile alichokubali kujifunza hapa: lugha, subira, na kukaa pamoja na watu. Basi mgeni kijana ajapo ushirikani, tusiyahesabu masanduku yake. Tumfundishe lugha yetu, tumwonyeshe kazi ya kweli, tumwambie kweli akikosea. Na vijana wetu wenyewe wasidhani kwamba kujitolea ni kazi ya watu wa mbali. Walioikata njia ya Mpwapwa pamoja na Mackay walikuwa watu wa nchi hii. Mmoja hupanda, mwingine hutia maji, na wote wawili hungoja mvua ya Mungu.