DUKE ELLINGTON: KUTOKA UKUMBI WA DANSI HADI KANISA KUU

Kila inapozuka hoja ya magitaa na ngoma kanisani, mimi humkumbuka marehemu Edward Kennedy Ellington, Mmarekani mweusi, mtunzi na kiongozi wa bendi ya dansi, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Duke.

Alizaliwa mjini Washington tarehe 29 Aprili 1899. Mama yake, Daisy, alikuwa Mbatisti na baba yake Mmethodisti, kwa hiyo Jumapili mtoto alipelekwa makanisa yote mawili. Jina la Duke, ambalo ni cheo cha wakubwa wa Ulaya, alipewa na wenzake wa ujanani kwa sababu ya unadhifu na madaha yake.

Mwaka 1923 alihamia New York, na Desemba 1927 bendi yake iliajiriwa katika klabu iitwayo Cotton Club, mtaani Harlem. Wapigaji na wachezaji walikuwa weusi. Wateja walikuwa Wazungu. Lakini redio iliutangaza muziki huo mbali sana, ukaingia hata katika nyumba ambazo mwenyewe asingekaribishwa kwa mlango wa mbele.

Santuri za siku zile zilichukua dakika tatu hivi kila upande. Katika nafasi hiyo ndogo Duke aliweza kusema mengi. Katika "Mood Indigo" ya mwaka 1930 aliweka tarumbeta na tromboni juu, zimezibwa midomo, na klarineti akaishusha chini kabisa, kinyume cha desturi. Sauti inayotoka ni ya huzuni tulivu, kama mtu aliyeketi peke yake jioni. Mwaka 1932 ikatoka "It Don't Mean a Thing", nayo ilitaja neno swing kabla halijawa jina la muziki wa kizazi kizima.

Mwanzoni mwa 1941 vituo vya redio viligombana na chama cha watunzi juu ya malipo, na nyimbo za wanachama zikaacha kutangazwa. Duke alikuwa mwanachama. Ikabidi mwanawe Mercer na msaidizi wake kijana, Billy Strayhorn, watunge nyimbo mpya upesi. Strayhorn alikuwa na wimbo juu ya treni ya kwenda Harlem, "Take the 'A' Train". Ulirekodiwa Februari 1941, ukapendwa mno, na Duke akaufanya wimbo wa kufungulia maonyesho yake mpaka mwisho wa maisha. Sisi tuliofundisha tunajua kwamba si kila mkuu wa shule angekubali kazi ya msaidizi wake itangulie mbele ya zake.

Safarini katika majimbo ya kusini hoteli ziliwakataa watu weusi, basi bendi ilikodi mabehewa ya treni, wakala na kulala humo. Baada ya vita vya pili bendi kubwa nyingi zilivunjika kwa kukosa fedha. Ya Duke haikuvunjika, kwa kuwa mrabaha wa nyimbo zake za zamani aliutumia kuwalipa wapigaji wake. Harry Carney, mpigaji wa saksafoni nzito, alikaa naye tangu 1927.

Bendi hiyo hiyo ndiyo aliyoiingiza katika Kanisa Kuu la Grace, San Francisco, tarehe 16 Septemba 1965. Hilo ni kanisa la Episcopal, ndugu zetu Waanglikana wa Marekani. Alichukua "Come Sunday", sala aliyoitunga kwa ajili ya onyesho kubwa la mwaka 1943, ikaimbwa polepole; kisha tuni ile ile ikapigwa kwa mwendo wa kasi, na Bunny Briggs akacheza kwa viatu vya kugonga sakafu, kwa kumbukumbu ya Daudi aliyecheza mbele za Bwana. Mwaka uliofuata, alipotaka kufanya onyesho kama hilo Washington, wachungaji wa Kibatisti wa mji huo walikataa kumwunga mkono. Mji wake wa kuzaliwa, na dhehebu la mama yake! Onyesho lilifanyika hata hivyo. Wasiwasi wao naufahamu, maana nyimbo za klabu zina harufu ya klabu. Lakini Daudi naye alidharauliwa na mkewe kwa kucheza kwake.

Onyesho la pili lilifanyika mwaka 1968 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana, New York, na la tatu katika Abasia ya Westminster, London, tarehe 24 Oktoba 1973. Wakati huo alikuwa mgonjwa wa saratani ya mapafu. Alifariki tarehe 24 Mei 1974. Watu zaidi ya elfu kumi walihudhuria mazishi yake katika Kanisa Kuu lile lile la Mtakatifu Yohana, akazikwa karibu na wazazi wake. Harry Carney, aliyempigia miaka arobaini na saba, alimfuata Oktoba mwaka huo huo.