JUAN DE LA CIERVA NA NDEGE YAKE ISIYOANGUKA

Wandugu, helikopta tunaijua sote. Lakini mbele yake kulikuwa autojiro, na aliyeivumbua ni Juan de la Cierva, aliyezaliwa Murcia, inchi ya Hispania, mwaka 1895.

Baba yake alikuwa waziri. Juan angeweza kula tu feza ya baba, lakini yeye alipenda ndege. Mwaka 1912, akiwa na miaka 16, yeye na rafiki wawili walitengeneza ndege iliyoruka kweli. Kisha akasoma uinjeniere.

Mwaka 1919 alitengeneza ndege kubwa ya vita, ya motere tatu. Rubani akapunguza mwendo karibu na udongo, mabawa yakakosa nguvu, ndege ikaanguka. Rubani alipona. Tangu pale de la Cierva akatafuta ndege isiyoanguka hata mwendo ukipungua.

Akaweka mabawa ya kuzunguka juu. Tuangalie vizuri: motere haiyazungushi, inavuta ndege mbele tu. Ni upepo unaoyazungusha, sawa vile kile kipepeo cha majani ambacho watoto wanakimbia nacho. Motere ikizimika, mabawa yangali yanazunguka, na ndege inashuka polepole.

Lakini mashini za kwanza zilikataa. Bawa linaloenda mbele linapata upepo kuliko linalorudi nyuma, basi mashini inapinduka kando. Dawa ilikuwa ndogo: bawaba, kama ya mlango, kwenye shina la kila bawa, ili lipande na kushuka lenyewe. Mwezi wa kwanza 1923, huko Getafe karibu na Madrid, mashini ya ine ikaruka. Mwaka 1928 yeye mwenyewe aliendesha autojiro toka London mpaka Paris, juu ya bahari.

Si yote tunayoyasifu. Mwaka 1936 alisaidia kupata ndege iliyompeleka jenerali Franco Maroko wakati wa uasi, na ile vita iliua watu wengi sana. Ndiyo maana kwao wamebishana juu ya jina lake.

Tarehe 9 Desemba mwaka ule ule, Croydon karibu na London, ukungu ukiwa mwingi, alipanda ndege ya wasafiri, yenye mabawa ya kawaida. Iliruka, ikaanguka palepale. Alikuwa na miaka 41.

Katika vita ya 1939-1945 Waingereza walitumia autojiro zake kando ya pwani. Zilizunguka polepole mahali pamoja, ili watu wa chini wapime kama radari zao zinaona sawasawa. Leo wako mainjeniere wanaotaka kuchunga pwani kwa autojiro isiyo na rubani ndani.